Upepo wa Kisulisuli na Kibanja Chako: Andaa Mizizi Kabla ya Masika

Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku, bibi mmoja wilayani Muleba, Kagera, alinizungusha nyuma ya nyumba yake. Migomba 11 ilikuwa chini, mikungu bado mibichi, majani yamechanika nyuzinyuzi. "Mwanangu, hiki kilikuwa kisulisuli," akaniambia. "Kimepita kwangu tu, jirani kimemwacha." Nilimpa pole, kisha nikamwomba panga. Nilipopasua tunguu la mgomba wa kwanza, ndani lilikuwa limetobolewa kila upande, mifereji myeusi kwa kahawia, na kwenye mfereji mmoja amejikunja funza mweupe mwenye kichwa cha hudhurungi. Huyo ni mtoto wa fukusi wa migomba. Upepo ulipofika, fukusi alikuwa ameshamaliza kazi.

Simaanishi kwamba bibi alikosea. Kisulisuli, au tonado, ni mkondo wa upepo unaozunguka kwa kasi kutoka kwenye wingu zito la radi hadi ardhini. Marekani hupata zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Kwetu ni kitu adimu, lakini adimu si sawa na hakuna. Afrika Kusini hutokea, na tarehe 3 Juni 2024 kimoja kilibomoa nyumba huko oThongathi, kaskazini mwa Durban, katika ukanda wa mashamba ya miwa. Wavuvi wa Ziwa Victoria nao wanajua mkondo wa maji unaoning'inia kutoka mawinguni, ambao ni ndugu yake.

Ila wingu hilohilo la radi hutoa upepo wa aina nyingine, na huo ndio unaotuumiza mara nyingi zaidi. Hewa baridi hushuka pamoja na mvua au mawe, ikifika chini inatawanyika pande zote kwa nguvu. Ukitaka kujua ni upi uliokupitia, soma mimea ilivyolala kabla hujagusa kitu. Ikiwa imelalia upande mmoja, au imetawanyika kama mbavu za ungo kutoka mahali pamoja, ni upepo wa kushuka. Ikiwa imepishana, huu umelala huku na ule kule, ndani ya njia nyembamba iliyonyooka kupita shambani, hapo kisulisuli kinawezekana. Piga picha kabla ya kufyeka, umpelekee mtendaji wa kijiji na afisa ugani. Zitakusaidia pia kama una bima ya mazao.

Kisulisuli chenyewe huwezi kukizuia. Kikubwa kabisa huzidi kilomita 320 kwa saa, na hakuna mti wala nguzo ya kusimama mbele yake. Upepo wa kushuka, tofauti na huo, unaweza kuupunguzia hasara sana, na kazi yenyewe inaanzia kwenye mizizi.

Tuanze na migomba, maana ndiyo inayoanguka kwanza. Mgomba uliong'oka na mizizi yake, angalia mizizi hiyo: ikiwa mifupi, imeoza na ina madoa ya zambarau au meusi, minyoo ya udongoni imeishambulia. Mgomba uliovunjika kwenye tunguu, pasua uone kama kuna mifereji ya fukusi. Matatizo haya mawili huletwa shambani na machipukizi yasiyosafishwa. Kabla ya kupanda chipukizi, menya tunguu lote mpaka libaki jeupe, na lolote lenye mfereji litupe mbali na shamba.

Kwa migomba iliyopo, tega fukusi. Kata kipande cha shina lililovunwa chenye urefu wa kama sentimita 30, kipasue katikati kwa urefu, ukilaze karibu na shina upande uliopasuliwa ukitazama chini. Kila baada ya siku mbili au tatu, kikague asubuhi, uokote fukusi uwaue. Ni kazi ndogo ya mtoto aliyerudi shule, na haigharimu senti. Bakiza mimea mitatu kwa shina, yaani mama, mtoto na mjukuu. Migomba saba iliyosongamana shina moja hugombea chakula na yote huwa dhaifu. Shina lililopanda juu mpaka tunguu linaonekana, lirudishie udongo. Matandazo weka ya kutosha, lakini yaache umbali wa kama hatua moja ndogo kutoka kwenye shina, la sivyo unamtandikia fukusi kitanda.

Kisha kuna miti ya kuegemeza. Mgomba uliobeba mkungu mzito huinama upande wa mkungu, na hapo ndipo upepo unapoumalizia. Tumia mti wenye panda, au miti miwili iliyofungwa ikapishana juu kama mkasi, uipitishe chini ya shingo ya mkungu. Miti hii ikatwe Februari, mapema kabla ya masika, kwa sababu Machi kila mtu anaitafuta na wingu halisubiri.

Kuhusu miti ya kuzuia upepo, wengi hukosea kwa kutaka ukuta. Ukuta usiopitisha hewa huurusha upepo juu, kisha unaanguka nyuma yake ukiwa umechafuka zaidi. Mstari mzuri ni ule unaoachia karibu nusu ya upepo upite taratibu kati ya matawi. Mgrivea unafaa sana mipakani. Mstari wa miti yenye kimo cha mita 8 hukinga eneo la kama mita 80 nyuma yake, yaani mara kumi ya kimo. Uupande ukatize njia ya upepo, na usiache pengo katikati, maana upepo hujibana penye pengo ukatoka na kasi zaidi. Kama hujui upepo mbaya hutokea wapi, waulize wazee mabati yaliyowahi kung'oka yaliangukia upande gani. Mikaratusi usiisogeze kwenye kibanja. Inakunywa maji ya migomba.

Mahindi yaliyolala yakiwa machanga, yaache. Mengi huinuka yenyewe ndani ya siku chache, na ukiyainua kwa mkono unakata mizizi iliyobaki. Palizi ya pili ikifika, yainulie udongo shinani. Mahindi yaliyokomaa yakilala, vuna kwanza yale ambayo gunzi limegusa ardhi, kwa sababu ndiko sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inakoanzia. Kausha juu ya turubai, si kwenye udongo. Kupima, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri kidogo: chumvi ikiganda kwenye kioo, bado hayajakauka kuwekwa ghalani.

Watu ni muhimu kuliko mikungu. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, kijiji cha Mwakata wilayani Kahama kilipigwa na mvua ya mawe na upepo, na watu zaidi ya 40 wakafariki, wengi wakiangukiwa na kuta za udongo zilizolowa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo au tahadhari, amua mchana ni nyumba gani ya matofali ya kuchoma familia italala. Ndani, kaeni chumba cha katikati mbali na madirisha. Ukikutwa shambani, usijifiche chini ya mti. Mawe juu ya bati yaondoe leo, hayashiki paa, yanawaangukia watoto. Kinachoshika paa ni kenchi zilizofungwa ukutani kwa ukanda wa chuma, na misumari ya kutosha upenuni, ambako upepo huanza kuinua.

Upepo ukishapita, usiache migomba iliyoanguka imelala ovyo. Harufu yake huwaita fukusi, nao hutaga humo. Katakata mashina vipande vidogo, vitandaze vikauke juani, majani wape ng'ombe pamoja na malisho mengine. Na kabla ya kuhama shina hadi shina, pitisha panga kwenye moto mpaka lipate joto usiloweza kuligusa. Unyanjano, ugonjwa wa bakteria unaonyausha migomba, uliingia Kagera mwaka 2006, na panga la kuazimana baada ya mvua ya upepo, likizunguka kibanja kwa kibanja bila kuchomwa, linaweza kuua migomba mingi kuliko upepo wenyewe. Bibi wa Muleba alikuwa ameshaanza kukata nilipofika, kwa panga la jirani. Tuliwasha moto hapohapo.