Namna ya Kutafiti Maamuzi ya Serikali Kuhusu Mazao ya GMO

Mwanafunzi wa sayansi ya jamii anayetaka kuchunguza jinsi uvumbuzi wa kibayolojia unavyosimamiwa aanze na uamuzi mmoja wenye tarehe, uliowagusa watu wengi. Kwa Afrika Mashariki sioni kisa chenye mengi ya kufundisha kuliko cha Kenya: Novemba 2012 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO, yaani vinavyotokana na viumbe vilivyobadilishwa jeni, na tarehe 3 Oktoba 2022 baraza la serikali mpya likaiondoa marufuku hiyo.

Liandike swali lako upya mpaka liache kuuliza kama vyakula hivyo ni salama. Hilo ni la wataalamu wa sumu na lishe. Lako ni kujua nani aliamua, kwa ushahidi gani, na nani hakuulizwa. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu mtafiti huingia uwanjani akiwa tayari ni mtetezi au mpinzani, na wanaohojiwa humtambua mapema.

Kisha zipange nyaraka kwa mfuatano wa wakati. Sheria ya usalama wa kibayolojia ilipitishwa mwaka 2009 na kuunda mamlaka ya kukagua maombi yanayohusu GMO; hata hivyo marufuku na kuondolewa kwake vyote vilitangazwa na Baraza la Mawaziri, na pengo hilo kati ya chombo cha kisheria na chombo cha kisiasa linatosha kuwa mada ya tasnifu nzima. Marufuku ilifuata kwa karibu utafiti wa mwanasayansi Mfaransa Gilles-Éric Séralini, uliochapishwa Septemba 2012 na kudai kuwa panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka 2013, lakini marufuku ikaendelea kwa karibu miaka tisa zaidi. Ushahidi ukiondoka na uamuzi ukabaki, tafuta kilichokuwa kikiushikilia.

Usipuuze mahakama. Kesi zilizofunguliwa baada ya tangazo la 2022 zimeacha hati za kiapo ambamo kila upande umeeleza msimamo wake kwa maandishi, jambo ambalo mahojiano hayakupi kwa urahisi. Kwa nyaraka za ofisini, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 humpa raia wa Kenya haki ya kuomba, na afisa husika anapaswa kujibu ndani ya siku 21. Basi omba mapema, kwa barua, na utunze nakala. Kibali cha utafiti hutolewa na tume za sayansi na teknolojia, NACOSTI nchini Kenya na COSTECH nchini Tanzania, baada ya kamati ya maadili ya chuo chako kuridhika.

Katika mahojiano, chunga sana maneno. Msomaji wa magazeti ya Kenya atakuwa amekutana na "vyakula vya kisaki", ilhali Tanzania husemwa "uhandisi jeni", na mkulima anaweza kuyaita yote mawili "mbegu za kisasa", akichanganya na chotara anazonunua dukani kila msimu. Ukiuliza moja kwa moja kuhusu GMO, utapata jibu la redioni. Muulize kwanza msimu uliopita alipata wapi mbegu, kwa bei gani, na alimwamini nani, halafu umwache alitaje neno mwenyewe. Wasikilize pia wakulima wasio wanachama wa kikundi chochote, maana wanaopelekwa kwenye mikutano ya wadau aghalabu ni wale wale.

Ukipata nafasi, linganisha na Tanzania. Majaribio ya mahindi ya GMO yanayostahimili ukame yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, chini ya mradi uliohusisha pia Kenya, na Novemba 2018 serikali ikaamuru yasitishwe. Usikimbilie kusema nchi moja inaipenda sayansi na nyingine inaiogopa. Fuatilia ni wizara ipi ilikuwa na kauli ya mwisho, na sheria ilimbebesha nani fidia iwapo madhara yangetokea.

Rasimu ikikamilika, irudishe kwa wakulima waliokupa muda wao, kwa Kiswahili, kabla ya kuipeleka kwa wasimamizi wako, na uandike pembeni kila mahali watakapokupinga.