Msamiati darasa la tatu: maneno matano kwa wiki yanatosha

Kipindi cha msamiati mara nyingi huenda hivi: mwalimu anaandika maneno ishirini ubaoni, mbele ya kila neno anaweka maana yake, watoto wananakili, kengele inalia. Siku ya jaribio mtoto anaandika bila kosa kwamba ghala ni "mahali pa kuhifadhia mazao". Muulize kwao mahindi yakishavunwa yanawekwa wapi, atakutazama tu. Amekariri sentensi, neno lenyewe bado hana.

Maelezo yafuatayo yanamhusu mwalimu wa darasa la pili hadi la nne, hata mwenye watoto 80 chumba kimoja, na mzazi anayemsaidia mtoto jioni.

Kuchagua maneno

Anza na kifungu ambacho watoto watakisoma wiki hiyo, usianze na orodha. Tuseme ni hiki:

"Mvua ilinyesha mfululizo kwa siku tatu. Mto ukafurika na kusomba mazao. Wanakijiji walichimba mtaro ili kuzuia maji yasifike ghalani."

Mvua, mto na siku wanavijua. Mtaro na ghala ni vitu: onyesha kwa kidole dirishani au chora ubaoni, nusu dakika kila kimoja, endelea. Kazi yako iko kwenye mfululizo, furika na zuia, kwa sababu hayo watayakuta tena katika sayansi, katika taarifa ya habari na katika hadithi nyingine kumi. Somba linaweza kusubiri.

Katika maneno matano ya wiki, tenga nafasi moja kwa maneno ya maswali: taja, eleza, linganisha, orodhesha, oanisha, tambua. Haya husahaulika kwa kuwa mwalimu huona kila mtu anayajua. Mtoto anaulizwa "Eleza faida mbili za miti", anaandika "kivuli, matunda" na kukosa alama, ilhali faida anazijua. Hajui kwamba kutaja ni kutoa jina la kitu basi, na kueleza ni kusema kinavyokuwa au kwa nini. Kipindi kizima cha kutofautisha taja na eleza hakipotei.

Kwa nini matano tu? Kwa sababu kila neno lazima lirudi mara nyingi kabla halijakaa. Ukiyafanya ishirini, muda wa kuyarudia hautaupata.

Neno moja, dakika nane

Chukua furika. Soma kwanza kifungu chote kwa sauti, usikatize, ili watoto wapate kisa. Kisha rudi kwenye sentensi yenye neno. Litamke, walitamke, wapige makofi kwa silabi: fu-ri-ka. Liandike ubaoni. Watoto wanaochanganya r na l watajulikana hapo hapo. Wasahihishe sasa, kabla "fulika" haijaingia daftarini.

Halafu toa maana kwa maneno mepesi kuliko neno lenyewe: "Kitu kikijaa mpaka kikamwagika, kimefurika." Usiseme "furika ni kujaa kupita kiasi cha ujazo", huko ni kumwondolea mtoto neno moja gumu na kumpa mawili. Weka kopo mezani, mimina maji polepole, uwaache wao waseme "sasa!" yanapomwagika.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi: litoe neno kwenye mto. Stendi imefurika watu. Uwanja ulifurika mashabiki. Usipofanya hivyo, mtoto ataamini furika ni jambo la maji peke yake. Kisha uliza maswali ya ndiyo au hapana, na kila jibu lifuatwe na "kwa nini?": Ndoo yenye maji nusu imefurika? Darasa lenye watoto watatu limefurika? Jiwe linaweza kufurika? Swali la jiwe huwachekesha, na aliyecheka ameelewa.

Malizia kwa sentensi isiyokamilika: "Basi lilifurika abiria kwa sababu…" Katika darasa kubwa kila mtoto amwambie jirani yake wa dawati, nawe upite ukisikiliza watano au sita. Ukiwaambia tu "tunga sentensi", nusu ya darasa itakuletea "Naona furika" au "Hii ni furika". Neno "kwa sababu" huwafungia njia hiyo.

Mtoto ambaye nyumbani husema Kisukuma, Kihaya au lugha nyingine, muulize kwao jambo hilo huitwaje. Mara nyingi maana anayo tayari, kilichokosekana ni jina lake kwa Kiswahili, na hapo dakika nane zinakuwa mbili.

Boksi la viatu

Kata karatasi ya manila vipande vya takriban sentimita 8 kwa 12. Upande mmoja neno peke yake, upande wa pili sentensi waliyotunga watoto wenyewe na mchoro mdogo. Maana ya kamusi usiiandike. Gawa boksi la viatu sehemu tatu kwa vipande vya kadibodi: kila siku, kila wiki, kila mwezi. Kadi mpya inaingia sehemu ya kwanza. Watoto wakilitumia neno vizuri siku tatu mfululizo, inahamia ya pili. Wakilikumbuka wiki tatu, ya tatu. Wakikwama, inarudi mwanzo. Dakika tano kila asubuhi, kadi sita au saba, zinatosha. Boksi huharibika kwa jambo moja: kadi mpya zinaongezwa na za zamani hazihamishwi, mpaka sehemu ya kwanza ina kadi 60 na hakuna anayeigusa.

Neno na ukoo wake

Hapa Kiswahili kinamsaidia mwalimu sana, na ni ajabu jinsi nafasi hii inavyoachwa. Mtoto akishalipata furika, mafuriko ni lake bila malipo. Zuia linamletea kizuizi. Mfululizo limetoka kwa fululiza. Chora mti ubaoni, kitenzi kwenye shina, matawi yawe maneno mengine: soma, msomaji, msomi, somo, kisomo, usomaji, somesha.

Ugumu uko kwenye sauti zinazobadilika. Mtoto anayejua lima–mkulima atasema "mpiki" na "mwandiki", naye hajakosea kufikiri, amefuata kanuni pungufu. Mpe iliyokamilika kwa mifano, badiliko moja kwa siku:

- k huwa sh: pika–mpishi, andika–mwandishi
- nd huwa nz: linda–mlinzi, penda–mpenzi
- ng huwa nz: jenga–mjenzi
- b huwa z: iba–mwizi

Kuna pia njia ya -aji isiyogusa sauti: cheza–mchezaji, imba–mwimbaji. Watoto watazichanganya njia hizi mbili kwa miezi kadhaa. Sema tu "watu husema mpishi" na uendelee; kalamu nyekundu hapa haisaidii.

Neno moja, maana nyingi

Kaa, paa, ua, mbuzi, kata, panda. Kosa la kawaida ni kuyafundisha kama vichekesho: "kaa lina maana tatu, ziandike." Mtoto anahitaji njia ya kujua ni maana ipi iliyo mbele yake, na mara nyingi njia hiyo ni ngeli. Andika sentensi hizi:

Paa amekimbilia kichakani.
Paa linavuja.
Ndege imepaa.

Uliza: "Nani kakwambia huyu wa kwanza ni mnyama?" Wataanza na kichaka. Wasukume mpaka waione a- ya "amekimbilia". Kisha wape wenyewe: ua limenyauka, ua umebomoka, kaa amejificha mchangani, kaa limezimika. Wingi nao ni ushahidi, maana ua la bustanini huwa maua, na ua wa kuzunguka nyumba huwa nyua. Mbuzi wa zizini amekula mchicha, mbuzi ya kukunia nazi imevunjika. Katika neno barabara ngeli haisaidii sana, mkazo ndio unaoamua: barabara ya lami ina mkazo kwenye -ba- ya pili, na "barabara!" ya kukubali ina mkazo kwenye -ra- ya kwanza. Waache walipige kelele mara kadhaa, litakaa.

Piga ni jambo lingine. Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga hodi, piga chafya: hakuna anayepigwa. Usijaribu kueleza. Fundisha kila jozi kama neno moja na uwape waigize.

Jikoni

Mzazi asiye na kitabu ana jiko. Menya kiazi, chambua mchicha, kuna nazi, chuja tui, peta mchele kwenye ungo, chekecha unga, twanga kisamvu, songa ugali, paa samaki. Mtoto wa mjini aliyezoea "safisha" na "tengeneza" kwa kila kazi anapoteza maneno haya yote, na ndiyo yanayomzoesha kwamba tofauti ndogo ya kitendo ina neno lake. Sema neno wakati mkono unafanya kazi, kesho yake uulize: "Huu mchicha tunaumenya?" Akikusahihisha, vizuri.

Majina ya vitu hutofautiana pia. Mwenye kandambili, mwenye ndala na mwenye malapa wamevaa kitu kimoja, na nyanya ya Dar es Salaam ni tungule Unguja. Mtoto aliyekuja na neno la kwao usimwambie amekosea. Andika yote mawili kwenye kadi.

Vinyume

Kosa kubwa ni kuchanganya kinyume na ukanushi: kinyume cha "lala" anaandika "silali". Mwonyeshe vitendo vinavyofunguana: funga–fungua, kunja–kunjua, ziba–zibua, anika–anua, vaa–vua. Watayapenda mno, na ndipo hatari ilipo, kwani watakuletea nuna–nunua. Waulize kama aliyenuna akienda dukani kununua ameacha kununa.

Kamusi, mwishoni

Kamusi inakuja mtoto akishakuwa na wazo la maana, ili ahakikishe. Akianza nayo hachagui maana, ananakili ya kwanza anayoiona. Kabla ya hapo kuna kazi ya kulivua neno, kwani kamusi haiweki maneno kama yalivyo kwenye hadithi. *Hawakufurahishwa* halipo. Ondoa hawaku-, inabaki furahishwa. Ondoa -shwa, unapata furahi, tafuta kwenye F. Kwa majina tafuta umoja: vyakula liko kwenye chakula, meno kwenye jino, nyuso kwenye uso, ndimi kwenye ulimi. Vivumishi vimewekwa kwa mzizi: wazuri, kizuri na vizuri vyote viko kwenye -zuri, na ndefu, inayowashinda hata wakubwa, iko kwenye -refu.

Wape zoezi la kuvua peke yake kwanza, maneno kumi, bila kufungua kitabu. Baadaye wafundishe vifupisho vitatu tu: nm ni nomino, kt ni kitenzi, kv ni kivumishi. Alama ya ngeli iliyo mbele ya nomino, kama [a-/wa-], watakuwa wameshaijua kwa paa na kaa. Nakala moja ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwa darasa zima inatosha ukiiweka kwa zamu ya kikundi. Kuipitisha dawati hadi dawati ndani ya kipindi kimoja hakufiki popote.

Baadhi ya siku badilisha kamusi kwa vitendawili. Kitendawili ni maana iliyofichwa jina. Kila kikundi kipewe kadi moja ya boksi, kitunge chake, kiseme "Kitendawili!", wengine wajibu "Tega!". Kikundi kisichojua maana hakiwezi kutunga, na utakigundua bila jaribio.

Kupima

Usiulize "Nini maana ya…". Toa sentensi mbili, waseme ipi haifai na kwa nini: "Kikombe kilifurika chai" na "Kikombe kilifurika meza". Sentensi za jaribio zisiwe zile za kwenye kadi, la sivyo unapima kumbukumbu. Kujikadiria kwa vidole (ngumi silijui, kimoja nimelisikia, viwili nalijua kidogo, vitatu nalitumia) ni haraka hata kwa watoto 80, ila wengi hujipandisha. Chagua wanne walioinua vitatu na uwaombe sentensi papo hapo; wiki ya pili vidole vitashuka vyenyewe.

Baada ya wiki nne chomoa kadi kumi bila kuchagua. Mtoto wa kati akiyatumia saba, kasi yako ni sawa. Akiwa chini ya tano, shuka hadi maneno matatu kwa wiki na urudishe kadi zilizoanguka kwenye sehemu ya kila siku.