Namna ya Kutoa Maoni Kuhusu Filamu Uliyoitazama Karibuni

Mtu aliyetoka kutazama filamu akiulizwa ilikuwaje, jibu lake la kwanza huwa "kali", "ya kawaida" au "imenichosha". Majibu hayo si makosa, ila hayamfikishi mbali anayeuliza, kwa kuwa yanaeleza hali ya msemaji kuliko hali ya filamu. Mwongozo huu unahusu namna ya kuisema filamu hata mwenzako ambaye ladha yake haifanani na yako aweze kujiamulia kama aitafute au aachane nayo. Kanuni inayobeba mengine yote ni moja: kila hukumu unayoitoa iwe na onyesho, picha au sauti inayoitegemeza, yaani kitu ambacho mwingine akiitazama filamu hiyohiyo atakikuta palepale ulipomwelekeza.

Kazi hiyo huanza kabla hujafungua kinywa. Filamu inapokwisha, na kabla hujasoma wala kusikia maoni ya mtu yeyote, andika kwenye simu au kwenye karatasi mambo mawili matatu yaliyokukaa kichwani: onyesho lililokushika, mahali ulipoanza kutazama saa, na maneno ya mhusika unayoyakumbuka. Maoni ya watu yakishakuingia, ni vigumu kutenganisha ulichokiona mwenyewe na ulichoambiwa kwamba kipo. Nakili pia jina la mwongozaji na mwaka wa filamu, kwani majina ya filamu hugongana, na mabishano mengine hurefuka bure kwa sababu kila mmoja ana filamu yake akilini.

Baada ya hapo, taja uliitazama katika hali gani. Jambo hili hupuuzwa, na kwetu lina uzito wa pekee. Aliyeitazama filamu ya Kihindi au ya Kichina katika kibanda umiza, yaani kibanda cha mtaani cha kuonyeshea video, ikiwa imetiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, hakuona kitu kilekile alichoona aliyesoma maandishi ya tafsiri chini ya kioo. Msimulizi wa aina ya Lufufu kwa upande wa Tanzania, au DJ Afro kwa upande wa Kenya, hatafsiri tu. Huongeza utani, huwapa wahusika majina mapya, humkaripia adui, na mara nyingine huliokoa onyesho ambalo lenyewe lilikuwa limelala. Kwa hiyo ukisema filamu ilichekesha, jiulize kwanza aliyekuchekesha ni mwigizaji au ni msimulizi. Vyote viwili ni halali kusifiwa, lakini anayekwenda kuitafuta filamu hiyo katika lugha yake ya asili kwa sababu yako anastahili kujua atakachokikosa. Vivyo hivyo kwa aliyetazama kwenye simu ndani ya daladala: anaweza kuzungumzia kisa na uigizaji bila shida, lakini asiwe na haraka ya kulaumu giza la picha au udogo wa sauti.

Muhtasari wa kisa usizidi sentensi tatu au nne, nao ukome pale tatizo la mhusika mkuu linapokuwa limekwisha kukaa. Chukua mfano wa Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Inatosha kusema kwamba Jo, msichana mdogo anayependa mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, ana ugonjwa usioponyeka, na mama yake anamtoa hospitali ili aishi siku zake zilizobaki nyumbani. Dada yake, Mwix, hakubali mtoto akae ndani akisubiri kifo, hivyo anaanza kumwaminisha kwamba nguvu hizo anazo kweli, na wanakijiji wanaingizwa katika mpango huo. Hapo nyamaza. Anayesimulia mwanzo hadi mwisho humaliza utamu, na tena hujinyima nafasi ya kusema jambo lake, kwa kuwa muda wote umekwisha katika kusimulia. Ikiwa hoja yako haiwezekani bila kugusa mwisho, mwonye msikilizaji mapema, umpe nafasi ya kuondoka au kuruka sehemu hiyo.

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe, ambapo wengi huishia kurundika sifa. Sema unataka kusifu uigizaji wa Joseph Wairimu katika Nairobi Half Life, filamu ya mwaka 2012 iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Sentensi "Wairimu aliigiza vizuri sana" haina pa kushika. Kuongeza kwamba alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo ni taarifa nzuri, lakini tuzo ni hukumu ya wengine, nawe umeulizwa yako. Tazama badala yake kazi aliyopewa. Mhusika wake, Mwas, ni kijana anayeuza filamu kijijini huku akiziigiza kwa mbwembwe ili ziuzike. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa, anaangukia katika genge, na wakati huohuo anapata nafasi katika mchezo wa kuigiza. Maana yake Wairimu anaigiza mtu ambaye naye anaigiza, mara kwa kupenda, mara kwa kulazimika, na mtazamaji anatakiwa aone tofauti kati ya Mwas wa kijijini mwenye makelele, Mwas mgeni anayejaribu kuonekana mjanja mbele ya wahuni, na Mwas wa jukwaani. Ukiona kwamba tofauti hizo zinaonekana usoni na katika sauti, sema zinaonekana wapi. Ukiona hazionekani, sema pia. Msikilizaji anaweza kukupinga, lakini atakupinga kwa kurejea onyesho, na hapo ndipo mazungumzo yanapopata ladha.

Njia hiyohiyo ifuate katika picha na sauti, ingawa huhitaji kujua ufundi wa kamera ili uizungumzie. Jiulize tu: kamera ilikaa mbali au karibu, na je, ukaribu huo ulinipa kitu? Kwa filamu zetu nyingi za bei nafuu, sikio ndilo shahidi bora kuliko jicho. Muziki unaofunika mazungumzo, sauti inayobadilika ghafla pale picha inapokatwa kutoka kwa mzungumzaji mmoja kwenda kwa mwingine, au kinanda kinacholia huzuni kabla mhusika hajapata hata sababu ya kuhuzunika: hayo ni mambo unayoweza kuyataja kwa uhakika, na mtengenezaji akiyasoma atajua pa kurekebisha. Hapa nitasema wazi ninavyofikiri kuhusu ile desturi ya kuzipunguzia filamu za nyumbani viwango kwa hoja ya kuunga mkono vya kwetu. Ukosefu wa helikopta na majengo yanayolipuka ni suala la fedha, na si haki kumlaumu mwongozaji kwalo. Lakini kisa kinachorefushwa kwa watu kupanda na kushuka ngazi, au mhusika anayesahau leo alichokiapia jana, ni suala la mswada na uhariri, na huruma yetu haiwasaidii wenye filamu. Upande wa pili nao una kasoro: kuisifu filamu ya nje kwa sababu imegharimu mamilioni ya dola ni sawa na kusifu pilau kwa ukubwa wa sufuria.

Filamu inapotokana na kitabu, tahadhari iongezeke. Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya jina hilohilo, iliyochapishwa mwaka 1999. Wapo walioifahamu riwaya hiyo tangu sekondari, na hao huingia ukumbini wakiwa na wahusika wake kichwani tayari: Yasmin wao, Denge wao na Mwajuma wao. Mtazamaji wa namna hiyo akitoka, lalamiko lake la kwanza huwa ni orodha ya yaliyoachwa. Ni kweli yameachwa, kwa kuwa riwaya ile ina safari na wahusika wengi mno kwa filamu ya takribani saa moja na nusu. Lakini kuachwa peke yake si kasoro. Swali lenye maana ni hili: kilichobaki kinasimama chenyewe kwa mtu ambaye hajakisoma kitabu? Mapenzi ya Yasmin na Denge katika Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza, yanaeleweka bila msaada wa kurasa? Na je, pale filamu inapotulia juu ya nyuso na vivuli badala ya kukimbiza matukio, utulivu huo unaeleza hofu na tamaa za wahusika, au unachelewesha tu? Mimi naona mara nyingi unaeleza, na kwamba anayelalamikia mwendo wa polepole ataje onyesho ambalo lingefupishwa bila kupoteza kitu. Akilitaja, hoja yake ina miguu, nami nitalazimika kulirudia onyesho hilo.

Kuhusu kujibizana na wenye maoni tofauti, mengi hutatuliwa na kanuni ileile. Usimwambie mtu kwamba hakuielewa filamu. Muulize ni onyesho gani lililompa wazo hilo, kisha mlitazame tena ikiwezekana. Maksi, nyota na asilimia zina matumizi yake kwa anayetaka kuchagua haraka, lakini zisitangulie maelezo.

Jambo la mwisho la kuweka katika maoni yako ni aina ya mtazamaji anayefaa kuitazama filamu hiyo, na hili liwe mahususi kuliko "inafaa familia". Supa Modo, kwa mfano, ina watoto, ina vichekesho na ina shujaa, kwa hiyo mzazi anaweza kuiweka mchana wa sikukuu bila kujiuliza. Mweleze kwamba katikati yake kuna mtoto anayekufa na filamu haimfichi mtazamaji jambo hilo, ili aamue kama atawaacha wanawe waitazame peke yao au atakaa nao. Na ikiwa katika nyumba hiyo kuna mgonjwa au msiba wa karibuni, mwambie hilo kabla ya kumweleza uzuri wake wowote.