Kabla Mgonjwa Hajafika Kitandani: Mambo ya Kuzingatia katika Kuchagua Tahadhari za Kumtenga

Uamuzi wa kumtenga mgonjwa huchelewa mara nyingi kwa sababu watu wanasubiri jibu la maabara. Mgonjwa hukaa kwenye benchi la mapokezi akikohoa, hupelekwa kupiga picha ya kifua, hupewa kitanda katikati ya wodi, na jibu la makohozi linapotoka, waliolala kushoto na kulia kwake wamekwisha kuvuta hewa yake siku mbili au tatu. Kwa hiyo tahadhari huchaguliwa kwa dalili. Jina la ugonjwa likija baadaye, tahadhari hizo hupunguzwa au kuongezwa. Anayepaswa kuchagua ni yule wa kwanza kumwona mgonjwa, yaani muuguzi wa mapokezi, naye hawezi kufanya hivyo kama hakupewa mamlaka, barakoa za kugawa, na mahali pa kumweka mgonjwa palipo mbali na foleni.

Kunawa mikono, kuvaa glovu panapotarajiwa damu au majimaji ya mwili, kutupa sindano kwenye kisanduku chake na kufunika kikohozi ni tahadhari za msingi, nazo ni za kila mgonjwa bila kuchagua. Kinachochaguliwa ni nyongeza juu ya hizo, kwa kufuata njia ambayo kimelea hupita: mgusano, matone ya kikohozi au chafya, au hewa.

Njia ya hewa ndiyo inayohitaji maandalizi makubwa zaidi. Kifua kikuu cha mapafu, surua na tetekuwanga husambaa kwa chembe ndogo zinazoelea muda mrefu, hivyo umbali kati ya vitanda hautoshi. Kinachotakiwa ni chumba chenye mlango unaofungwa na hewa inayobadilishwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu uingizaji hewa wa asili, lilipendekeza wastani wa lita 160 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika vyumba vya aina hii. Jengo lenye madirisha makubwa pande mbili zinazotazamana linaweza kufikia kiwango hicho bila mashine yoyote, mradi madirisha yawe wazi. Hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa usiku madirisha hufungwa kwa hofu ya baridi na mbu, na chumba kilichokuwa salama saa nane mchana huwa si salama saa nane usiku. Kabla ya kukiita chumba fulani cha kutengea, inafaa mtu akipitie usiku, na blanketi na vyandarua viwe vimekwisha kuwekwa.

Barakoa nazo huchanganywa. Ile ya N95, inayochuja chembe ndogo za hewani, ni ya mhudumu anayeingia, ambaye huhakikisha kila mara kwamba imebana usoni, jambo ambalo ndevu huliharibu. Mgonjwa huvaa barakoa ya kawaida ya upasuaji, inayozuia kinachotoka kinywani mwake. Kumvalisha N95 mtu anayehema kwa shida ni kumtesa bure. Kwa surua na tetekuwanga ipangwe zamu ya wahudumu wenye kinga tayari, kwa chanjo au kwa kuwahi kuugua.

Kwa matone, kama ilivyo katika homa ya uti wa mgongo inayotokana na bakteria aina ya meningokoka, kifaduro na matumbwitumbwi, barakoa ya upasuaji na nafasi ya angalau mita 1 kati ya vitanda hutosha pale chumba cha peke yake kinapokosekana. Kwa mgusano, ambao huhusu upele wa utitiri (scabies), majipu yanayovuja na kuharisha kusikozuilika, ni glovu, gauni, na vifaa vya mgonjwa huyo pekee, hata kipimapresha. Kuna bakteria mmoja wa kuharisha baada ya antibiotiki, Clostridioides difficile, ambaye mbegu zake hazifi kwa kitakasa mikono cha spiriti, kwa hiyo sabuni na maji ya bomba lazima viwepo. Ugonjwa mmoja waweza pia kudai njia mbili kwa pamoja: tetekuwanga ni hewa na mgusano.

Homa inayoambatana na kutapika, kuharisha au kutokwa damu, kwa mtu aliyetoka eneo lenye mlipuko au aliyeshiriki mazishi ya hivi karibuni, ichukuliwe kuwa homa ya kutoka damu hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 1995 huko Kikwit, Kongo, fundi wa maabara alipasuliwa tumbo kabla ya Ebola kutambuliwa, na watumishi waliomhudumia wakaambukizwa. Machi 2023, Marburg ilipothibitishwa mkoani Kagera, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Hapo mwili mzima wa mhudumu hufunikwa kwa mavazi ya kinga, na klorini ya asilimia 0.5 huwa imeandaliwa siku hiyo hiyo: jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji. Wengi huambukizwa wakati wa kuvua mavazi hayo, kwa hiyo pawepo mtu wa kusimamia anayevua.

Ndugu wanaouguza husahaulika katika miongozo mingi, ingawa kwetu ndio wanaolisha, wanaogesha na wanaofua. Achaguliwe mmoja, afundishwe kwa vitendo, apewe vifaa vilevile anavyovaa muuguzi.

Kutenga kupita kiasi nako kuna gharama, kwa sababu mgonjwa aliyefungiwa hutembelewa mara chache na wahudumu, na gauni zinazotumika bila haja leo zitakosekana kesho. Vyumba vikiwa vichache, wenye ugonjwa uleule uliothibitishwa wanaweza kulazwa pamoja, lakini anayeshukiwa kifua kikuu asiwekwe na aliyethibitishwa, na wenye kifua kikuu sugu wasichanganywe na wengine.

Tangu siku ya kwanza, kwenye jalada na mlangoni, iandikwe tahadhari itakoma lini na nani atakayeiondoa. Homa ya uti wa mgongo ya meningokoka, na vilevile upele wa utitiri, ni saa 24 baada ya kuanza tiba sahihi, kifaduro siku 5 za antibiotiki, surua siku 4 tangu vipele vitokeze, isipokuwa kwa mwenye kinga dhaifu, ambaye hubaki ametengwa muda wote wa ugonjwa. Akihamishwa kwenda eksirei au hospitali nyingine, simu itangulie, na dereva wa gari la wagonjwa aambiwe avae nini kabla hajafungua mlango.