Kabla ya kuanzisha mfumo wa usalama na mazingira kiwandani Lubumbashi

Wakuu wengi wa viwanda hapa Lubumbashi, wakisikia mnunuzi wa shaba anadai cheti cha viwango vya kimataifa, ISO 14001 cha mazingira au ISO 45001 cha usalama kazini, hukimbilia kutafuta mtu wa kuwaandikia makaratasi. Makaratasi yangoje. Kwanza tembeeni kiwandani, zamu ya mchana na ya usiku, mkiwa na kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, na mjumbe wa sindika, yaani chama cha wafanyakazi, maana wao ndio wanaojua bomba lipi linavuja na ngazi ipi inateleza. ISO 45001, iliyotoka 2018 na kuchukua nafasi ya kiwango cha zamani cha OHSAS 18001, inataka wafanyakazi washirikishwe, wakiwemo vibarua wa siku na watu wa makampuni mliyoyapa kazi. Hao ndio wanaobeba magunia yenye vumbi, na ndio wanaosahauliwa.

Asidi ya salfa inayoyeyusha madini ya shaba na kobalti itengewe siku yake. Je, tangi limezungushiwa ukuta usioliwa na asidi, unaoweza kushika asilimia 110 ya ujazo wake? Mvua kubwa zikianza Novemba na maji kujaa ndani ya ukuta huo, nani ana ufunguo wa vali, na nani anayapima kabla ya kuyaachia mtaroni? Kisha fungueni bomba la kuoshea macho, mlione likifanya kazi. Jicho lililorukiwa na asidi linahitaji maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 angalau. Maji yakitegemea pampu, umeme ukikatika hayatoki. Wekeni tangi la maji juu, yashuke yenyewe.

Glavu na barakoa ni ngao ya mwisho. Anzeni kwa kuondoa hatari yenyewe. Isipowezekana, badilisheni kemikali, zibeni vumbi linakotokea, pangeni kazi upya.

Kwa upande wa sheria za Kongo, Kanuni ya Kazi ya 2002 inadai kamati ya usalama na usafi, na sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inadai tathmini ya athari kabla mradi haujaanza.

Halafu mkuu atie sahihi kwamba mfanyakazi anayesimamisha kazi kwa kuona hatari hakatwi malipo wala hafukuzwi. Karatasi hiyo ibandikwe langoni, kwa Kiswahili, na kapita aisome kwa sauti kila zamu inapoingia.