Mbwa Anaponyonyoka Manyoya: Jua Chanzo Kabla ya Kumpaka Dawa

Mbwa wa nyumbani akianza kunyonyoka manyoya, wengi huwa na jibu mkononi: ni upele, apakwe oili chafu ya gari au aogeshwe dawa ya ng'ombe iliyobaki. Upele ni chanzo kimoja kikubwa, hilo ni kweli. Lakini viroboto, fangasi, nzi wa zizini, ugali mtupu wa kila siku na hata mnyororo wa shingoni navyo humwacha mbwa ngozi wazi. Dawa ya fangasi haiui utitiri, vijidudu vidogo sana vinavyoleta upele, na hakuna dawa ya utitiri inayoziba pengo la protini kwenye chakula.

Swali la kwanza ni hili: alianza kujikuna au alianza kunyonyoka? Aliyeanza kujikuna, manyoya yakafuata, mshuku viroboto au upele. Aliyetoka mabaka huku ametulia, bila kujikuna, ana uwezekano mkubwa wa utitiri wa aina ya pili (Demodex, utaelezwa chini), fangasi, upungufu wa lishe au tatizo la homoni. Jibu hilo huondoa nusu ya makisio.

Mkague mchana kwenye mwanga wa jua. Mtu aliyemzoea amshike kichwa, mdomo ufungwe kwa utepe wa kitambaa, na ukaguzi uanzie masikioni uishie mkiani. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa udenda au kung'ata hovyo, usimguse kabisa. Mfungie na uite mtaalamu wa mifugo, kwa kuwa huenda ni kichaa cha mbwa.

Viroboto

Manyoya yakipungua kiunoni, kwenye shina la mkia na nyuma ya mapaja, anza na viroboto hata kama huoni hata mmoja. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya mbwa, kisha sugua manyoya ya kiunoni kwa vidole au kitana chenye meno ya karibu karibu. Vikidondoka vichembe vyeusi kama majani ya chai, vidondoshee maji. Vikiacha doa jekundu la kahawia, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa iliyokwisha sagwa. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huteseka kwa kuumwa mara chache tu, ndiyo maana mwili wake unaweza kuonekana safi na bado akajing'ata hadi damu.

Wanaoshindwa na viroboto hushindwa kwa sababu wanamtibu mbwa na kuacha banda. Mayai hayang'ang'anii manyoya. Hudondoka anapolala, funza wake hukua kwenye vumbi na nyufa, na wakishajifunga kwenye vifuko vyao wanaweza kungoja kwa miezi. Kwa hiyo siku unayompa mbwa dawa, fagia anapolala, choma takataka, fua matandiko kwa maji ya moto na uyaanike juani. Rudia usafi huo kila wiki, na uendelee kumpa dawa kwa miezi mitatu angalau. Paka wa nyumbani naye atibiwe, ila kwa dawa ya paka: nyingi za mbwa zina permethrini, nayo huua paka.

Wafugaji wa kuku wamtazame mbwa pembeni mwa macho na kwenye kingo za masikio. Viroboto wa kuku hunasa hapo kwa vikundi, hawarukiruki kama wengine, na wataendelea kurudi mpaka banda la kuku litibiwe.

Upele na ndugu yake asiyewasha

Upele wa kuwasha huletwa na utitiri wa Sarcoptes. Jike huchimba handaki ndani ya ngozi na kutaga humo. Huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko, visigino vya miguu ya nyuma na tumboni, huku mgongo ukiwa wa mwisho kuguswa. Kuna kipimo rahisi: kunja ncha ya sikio, isugue kwenye sikio lenyewe kwa sekunde chache. Mguu wa nyuma wa upande huo ukianza kukuna hewani, shaka ya upele ni kubwa. Mtaalamu akikwangua ngozi asipate utitiri, usidhani amekosea akimtibu mbwa upele. Mara nyingi wadudu huwa wachache na hawapatikani kwenye darubini.

Upele huu huambukiza mbwa kwa mbwa, na humpata binadamu pia: vipele vya kuwasha mikononi na tumboni kwa anayembeba mbwa. Kwa kawaida hutulia mbwa akipona, lakini mtoto anayejikuna apelekwe kituo cha afya. Kwa kuwa yai huchukua takriban wiki tatu kufikia utitiri mzima, dawa ya siku moja haitoshi kamwe, na mbwa wote wanaolala pamoja hutibiwa siku moja, hata wale wasiojikuna.

Utitiri wa Demodex ni habari nyingine. Mtoto wa mbwa huupata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya, na mbwa wengi huishi nao bila dalili. Kinga ikiwa dhaifu, hasa kabla ya kutimiza mwaka na nusu, hutokea mabaka kuzunguka macho, pembeni mwa mdomo na kwenye miguu ya mbele, bila kuwasha sana. Mabaka machache kwa mbwa mdogo mara nyingi hupona yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 8 akilishwa vizuri na kupewa dawa ya minyoo. Yakienea mwili mzima, ni matibabu ya miezi, na mbwa huyo asizalishwe. Hapa kosa baya ni sindano ya deksamethasoni au vidonge vya prednisoloni "vya kuzuia muwasho". Hupunguza kinga, na mabaka matatu yanageuka mwili mzima wenye vidonda.

Dawa za ng'ombe kwenye mwili wa mbwa

Hapa ndipo mbwa wengi hufia, kwa hiyo soma taratibu.

Amitrazi, dawa ya kuogeshea ng'ombe, ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, sawa na mililita 10 kwa lita 5. Muogeshe mbwa kwanza kwa sabuni ili magamba yatoke, mkaushe, kisha mlowanishe kwa sponji hadi kwenye ngozi, ukikwepa macho. Usimsuuze. Akauke kivulini, asijilambe akiwa amelowa, na urudie baada ya wiki mbili kwa mzunguko atakaopanga mtaalamu. Vaa glovu, simama penye hewa, changanya upya kila mara na umwage kilichobaki mbali na maji. Asiogeshwe mbwa mwenye mimba, anayenyonyesha, aliye chini ya miezi minne, mwenye kisukari au mwenye vidonda wazi, na paka asiikaribie. Mbwa akilegea, akipoa mwili na kusinzia kupita kawaida, msuuze kwa maji mengi na umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Ivamektini ya sindano ya asilimia 1 hupimwa kwa ng'ombe mililita 1 kwa kilo 50. Kwa kipimo hicho hicho mbwa wa kilo 20 anahitaji mililita 0.4 tu. Anayekisia akavuta mililita 5 amempa zaidi ya mara 12. Zipo pia chupa zenye nguvu kuliko asilimia 1, na lebo zake hufanana. Mbwa wa jamii ya koli, na baadhi ya mbwa wachungaji wa Kijerumani (German Shepherd) pamoja na machotara wao, hurithi kasoro inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Huanza kupepesuka, mboni hupanuka, hawaoni, kisha huzimia, na hakuna dawa ya kuirudisha. Sindano hii achome daktari wa mifugo, baada ya kumpima mbwa uzito kwenye mizani.

Palipo na uwezo, vidonge vya fluralana, afoksolana au sarolana ni salama zaidi na huua viroboto, kupe na utitiri kwa pamoja. Fluralana hufanya kazi kama wiki 12 kwa viroboto, hizo nyingine mwezi mmoja. Hutolewa kwa uzito, na mbwa mwenye kifafa hapewi bila ushauri.

Oili chafu iacheni. Utitiri unaonekana umekufa kwa kuwa ngozi imeungua na magamba yametoka. Mbwa hujilamba, akameza mabaki ya injini yenye metali. Mafuta ya taa na oili ya breki ni hatari zaidi. Aliyekwisha pakwa aoshwe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu hadi utelezi uishe.

Fangasi, nzi na sahani ya chakula

Mapunye ya mbwa hutoka kama duara lenye manyoya yaliyokatika na magamba ya kijivu, mara nyingi usoni, masikioni au miguuni. Mbwa anayelala na ndama wenye mabaka kama hayo anaweza kuyapata kwao, na watoto wakayapata kwa mbwa. Kata manyoya kuzunguka baka, yachome, na uvae glovu. Shampuu yenye mikonazoli na klorheksidini hutumika mara mbili kwa wiki, ikiachwa dakika 10 kabla ya kusuuza. Yaliyoenea huhitaji vidonge kutoka kwa daktari. Mbegu za fangasi hukaa bandani zaidi ya mwaka, hivyo sakafu ya saruji ioshwe kwanza kwa sabuni, ndipo ipigwe klorini ya maji (jiki), sehemu 1 kwa 10 za maji.

Ncha za masikio zikiwa wazi, zenye gaga jeusi la damu, huku mwili uliobaki hauna tatizo, tazama samadi. Hao ni nzi wa zizini wanaonyonya damu, na kuzoa kinyesi kila siku husaidia kuliko sindano.

Manyoya karibu yote ni protini. Mbwa anayekula ugali na maji ya mboga hufifia rangi, manyoya hukauka na kung'oka kwa urahisi ukiyavuta, na mahindi mengi hubana madini ya zinki yasifyonzwe. Ongeza dagaa waliochemshwa, utumbo uliopikwa au yai lililoiva, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwa kila kilo 10 za mbwa. Mpe dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Badiliko huonekana baada ya wiki 6 hadi 8, siyo kabla.

Upara wa pande zote mbili unaofanana, mkia mtupu, unene na uvivu huashiria tezi ya shingo, na hilo ni la vipimo vya damu. Jike aliyezaa miezi miwili iliyopita akimwaga manyoya bila kuwashwa, mlishe tu.

Ukimpeleka mbwa kliniki, beba uzito wake, tarehe dalili zilipoanza, chupa ya kila dawa uliyokwisha tumia, na useme kama kuna mtu nyumbani anayejikuna. Usimuogeshe siku tatu kabla ya kukwanguliwa ngozi.