Jinsi ninavyotengeneza kipande cha "Siku Kama ya Leo" cha historia ya TV, hatua kwa hatua

Nimeulizwa sana hii kitu inboksi kwaiyo naiandika yote hapa mara moja. Kwa miaka kadhaa sasa natengeneza vipande vya dakika 2 au 3 vya "Siku Kama ya Leo" kwa chaneli ndogo ya mtandaoni hapa Dar, na mada yangu ni moja tu, televisheni yenyewe, yaani zile siku ambazo watu walikaa mbele ya kideo wakaona kitu ambacho mpaka leo wanakisimulia. Huhitaji studio. Simu yenye kamera ya kawaida inatosha, na shiti ya kuandikia tarehe, na programu yoyote ya kuediti unayoiweza, alafu uvumilivu wa kukaa na wazee, huo ndo mtaji mkubwa.

Hatua ya 1: tengeneza kalenda mapema

Usisubiri siku ifike ndo uanze kugugo asubuhi, utachelewa na utakosea. Mimi Desemba nakaa chini najaza mwaka mzima unaokuja. Nguzo zangu ni hizi: 5 Januari, Afrika Kusini ilipoanza TV rasmi mwaka 1976. 26 Januari, John Logie Baird alipowaonyesha wanasayansi wa Royal Institution mtambo wake wa TV kwenye chumba pale Frith Street, Soho, London, mwaka 1926. 11 Februari, Mandela anatoka gerezani 1990. 2 Juni, Malkia Elizabeth II anavishwa taji mbele ya kamera 1953. 25 Juni, ile programu ya laivu ya 1967 iliyounganisha nchi nyingi kwa setilaiti kwa mara ya kwanza. Julai, binadamu anatua mwezini 1969. Oktoba ina mawili mazito nitayarudia huko chini. 21 Novemba ni Siku ya Televisheni Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1996. Na 31 Desemba ni yetu kabisa, nitaifikia.

Kwenye kila tarehe weka kolamu ya miaka inayotimia. Ikitimia 10, 25, 30, 50 au 100 hiyo ipe nguvu zaidi, anza kuitafutia watu miezi miwili kabla.

Hatua ya 2: jiulize tarehe hiyo ni ya wapi

Hapa ndo niliumia mwanzoni. Niliposti kipande cha Neil Armstrong tarehe 20 Julai, nikaandika "siku kama ya leo binadamu alikanyaga mwezi", na wasomaji wakanisahihisha, na walikuwa sahihi. Chombo kilitua tarehe 20 Julai 1969 hiyo haina ubishi, lakini Armstrong alishuka ngazi na kukanyaga saa kadhaa baadaye, saa 8:56 usiku kwa saa za Greenwich, tarehe 21. Kwa Mmarekani wa New York ilikuwa bado Jumapili saa 4:56 usiku, ndo maana wao wanasherehekea 20. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 11:56 alfajiri ya Jumatatu, tarehe 21, jogoo ameshawika.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa manake tuna lile neno "usiku wa kuamkia". Ukiandika "usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 21" hakuna wa kukushika, lilitengenezwa kwa ajili ya mambo ya namna hii.

Mfano mwingine ni pambano la Muhammad Ali na George Foreman pale Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Lilipigwa alfajiri, kama saa 10 hivi, kwa sababu moja tu, walitaka Wamarekani waliokata tiketi kwenye kumbi za sinema waone laivu saa 4 usiku, na kwao ilikuwa bado tarehe 29. Fikiria hilo, mji mzima wa Afrika unakesha uwanjani ili saa ya Marekani ikae sawa! Dar na Nairobi ilikuwa saa 12 asubuhi, na ndani ya Zaire yenyewe (Kongo ya leo), Lubumbashi walikuwa saa moja mbele ya Kinshasa. Ali akamaliza kazi raundi ya 8. Kwaiyo kwenye shiti weka kolamu mbili za saa, ya kule lilikotokea na ya kwetu.

Hatua ya 3: neno "ya kwanza" lishike kwa mikono miwili

Kila mtu anataka kuandika ya kwanza duniani, ya kwanza Afrika. Ukiandika hivyo bila kuongeza neno utakosea karibu kila siku. Baird 1926 ni onyesho la kwanza la hadharani la TV ya mitambo, yenye sahani linalozunguka. Philo Farnsworth kule San Francisco, 7 Septemba 1927, yeye alirusha picha kwa umeme mtupu bila sahani, na picha yenyewe ilikuwa mstari tu. Wajerumani walianza matangazo ya mara kwa mara Machi 1935, alafu BBC ikaja 2 Novemba 1936 pale Alexandra Palace na picha kali zaidi. Wote hao ni "wa kwanza", ila kila mmoja kwa jambo lake, kwaiyo litaje jambo lenyewe.

Pia tenganisha majaribio na uzinduzi. BBC hiyohiyo ilirusha vipindi vya majaribio Agosti 1936 kabla ya kufungua rasmi Novemba, Afrika Kusini nao walijaribu 1975 wakafungua 1976. Ndo hivohivo Zanzibar, huku utasoma 1973 kule utasoma 1974, ukikutana na miaka miwili ya karibu namna hiyo angalia kwanza kama mwandishi mmoja anaongelea mitambo kuwaka na mwingine anaongelea ufunguzi, usikimbilie kusema mmoja muongo.

Hatua ya 4: uliza kwetu ilifikaje

Hii ndo hatua inayofanya kipande kiwe chako, bila hii umetafsiri tu kurasa za watu.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, ITV na wenzake walipoanza. Televisheni ya Taifa ikaja 2000. Sasa chukua kalenda yako upime: mwezini 1969, Kinshasa 1974, Mandela 1990, vyote hivyo Bara hatukuviona kwa televisheni yetu wenyewe. Mandela ndo hunigusa zaidi. Hii ni nchi iliyowahifadhi wapigania uhuru wa ANC, wakajenga shule yao pale Mazimbu, Morogoro, watoto wao wakasomea pale, na siku mzee anatoka gerezani ameshikana mkono na mkewe, kwetu ikiwa kama saa 11 jioni, dunia inaangalia laivu, sisi tukasikiliza redio. Kipande changu cha 11 Februari hakina picha ya gereza hata moja, kina redio ya mkulima iko mezani na sauti za watu watatu wanaosimulia walikuwa wapi. Ndo kipande nilichopenda kuliko vyote.

Upande wa pili wa maji hadithi ni tofauti kabisa. Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu mwanzo, ya kwanza ya rangi Afrika chini ya Sahara, enzi za Mzee Aboud Jumbe, wakati Kenya iliyoanza TV 1962, kwa mtambo mdogo kwenye nyumba ya shamba pale Limuru, ilikuwa bado nyeusi na nyeupe. Bibi mmoja wa Mji Mkongwe aliniambia alipokwenda Mombasa kwa ndugu zake, bado msichana, akawashiwa TV sebuleni, alikaa kimya kwa adabu ya ugeni, baadaye akamnong'oneza binamu yake kwamba TV yenu imeharibika, rangi zimekwisha. Hakuwahi kujua kama kuna TV isiyo na rangi! Sentensi moja ile imenieleza historia ya TV ya Afrika Mashariki kuliko makala nyingi nilizosoma.

Na 31 Desemba ndo hii hapa: usiku wa mwisho wa mwaka 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, watu wasio na king'amuzi wakaukaribisha mwaka mpya na chenga tupu kwenye skrini. Kenya kuzima kwao kukaja Februari 2015, vituo vikubwa vikawa gizani karibu wiki 3. Haya matukio yana miaka michache tu na walioyaona ni wewe na mimi, lakini watu hawayarekodi kwa sababu wanadhani historia lazima iwe ya London. Yarekodi.

Hatua ya 5: kumrekodi mzee

Shikamoo kwanza, maongezi ya nyumbani, chai, simu bado iko mfukoni. Ukianza na kamera usoni utapata majibu ya hotuba.

Usiulize "unakumbuka nini kuhusu mwaka 1974", hilo swali ni gumu kwa mtu yeyote. Uliza vitu: TV ilikuwa ya nani pale mtaani? Ilikaa chumba gani? Nyie watoto mlikaa chini au mlichungulia dirishani? Mlilipa kitu? Nani alikuwa anapanda juu kugeuza antena na nani anapiga kelele "hapohapo, usisogeze"? Mtu akishaiona ile sebule kichwani mwake, tukio lenyewe linakuja bila kulivuta.

Sasa jambo nyeti. Utakutana na mzee anakuambia alimuona Armstrong laivu kwenye TV, Dar, 1969. Usimbishie na usimkate, na usije ukaiposti ilivyo. Mimi nilimuuliza mmoja kwa upole, "mlikuwa mmekaa wapi mzee wangu?" akasema uwanjani, nje, usiku, watu wengi, kitambaa cheupe kimefungwa. Basi ile ilikuwa filamu waliyoonyeshwa baadaye, kumbukumbu ni ya kweli ila chombo ndo kimebadilika jina. Nilimsomea nilivyoelewa, akacheka akasema ndo yenyewe hiyo, ikaingia hivyo, na heshima yake ikabaki palepale.

Mwisho muombe ruhusa wazi ya kuposti, na umpelekee kipande kikitoka, kama hana simu kubwa nenda nayo yako.

Hatua ya 6: picha, na nani alishika kamera

Za NASA kwa kawaida unaruhusiwa kutumia, hazina haki miliki ya kukuzuia, ila usizitumie kana kwamba wamekudhamini. Picha za mwezini zina ukungu kwa sababu kamera ya kule ilituma fremu 10 tu kwa sekunde, huku duniani ikabidi zipigwe upya kutoka kwenye skrini ili TV za kawaida zizipokee. Na zile tepu halisi zenye picha safi zilifutwa zikatumika tena, NASA wenyewe walilieleza hilo 2009 baada ya kuzitafuta sana. Naliweka hili kwenye kila kipande cha Julai, linaniuma.

Za mashirika ya habari usizikate hata sekunde 5 bila kibali, chaneli inafungwa. Tumia picha ya mahali, ramani, sauti ya mzee, TV ya zamani ya kisanduku uliyoipiga mwenyewe dukani kwa fundi.

Alafu taja aliyepiga picha. Tarehe 23 Oktoba 1984 BBC ilionyesha njaa ya Ethiopia kutoka Korem, dunia ikashtuka, ndo michango na matamasha ya Live Aid ya 13 Julai 1985 yakafuata. Vipande vingi vinamtaja mwandishi Michael Buerk peke yake. Kamera ilikuwa ya Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi, aliyezaliwa 1943 na kuanzia kazi yake hapa Dar es Salaam akiwa kijana. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, na akarudi kazini. Alifariki 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian iliyotekwa ilipoishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, Komoro, na mtalii aliyekuwa pale ufukweni akairekodi. Yaani siku mbili tu baada ya 21 Novemba, kwaiyo kwangu mimi wiki ya Siku ya Televisheni Duniani ni wiki ya Mohamed Amin, na kila mwaka naanza naye.

Hatua ya 7: skripti na kuposti

Skripti isizidi maneno 250. Anza na mtu, tarehe ije sentensi ya pili. Isome kwa sauti mara mbili, ukikosa pumzi katikati kata. Namba za watazamaji ziweke kama makadirio siku zote, manake hakuna aliyehesabu vichwa sebuleni. Weka maandishi chini ya video, wengi wanaangalia bila sauti kwenye daladala.

Saa ya kuposti nafuata saa ya tukio lenyewe kwa saa zetu, sio saa ambayo mtandao unasema watu ni wengi. Ya Kinshasa inatoka saa 12 asubuhi tarehe 30 Oktoba. Ya mwezini inatoka 21 Julai saa 11:56 alfajiri kamili, na wa kwanza kuiona kila mwaka ni wale waliotoka kuswali.